Nani aliyesema ni XX na XY tu?

Mzazi mmoja ameniandikia hivi, nami nimefupisha kidogo: "Mwalimu, mwanangu yuko sekondari. Kitabu chake cha biolojia kinasema mwenye kromosomu (nyuzi za urithi ndani ya seli) za XX ni mwanamke na mwenye XY ni mwanamume, kama nilivyofundishwa mimi. Juzi akaniuliza: kama ni hivyo tu, hao wanaozaliwa huntha, wenye maumbile yasiyo dhahiri kuwa ya kiume au ya kike, wametoka wapi? Nikababaika. Naomba unieleze, hii imani kwamba jinsia ya mwili ni mbili tu na mambo yamekwisha, ilianzia wapi? Walimu wetu walitudanganya? Na mtihani ukija, mtoto aandike nini?"

Hawakukudanganya, mzazi mwenzangu. Walikusomea sura ya kwanza, kisha kengele ikalia. Lakini swali lako la imani ilianzia wapi lina historia ndefu kuliko biolojia yenyewe, na mimi ningeanza pale inapoanzia kwa kila mmoja wetu, yaani mikononi mwa mkunga.

Mkunga anampokea mtoto, anamgeuza, anatazama mara moja, anatamka. Hahitaji maabara, na anapatia. Watoto ambao maungo yao ya nje humfanya asite, aite mwenzake waangalie tena, ni kama mmoja katika kila 4,500 hadi 5,000. Mkunga anaweza kufanya kazi mpaka anastaafu na watoto hao akawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Sasa jambo linalothibitika mara 4,999 kati ya 5,000 hakuna anayeliita imani. Linaitwa kuona kwa macho. Ndiyo maana ni gumu kulihoji: mtu hajui kwamba aliwahi kuliamini, anajua tu kwamba aliliona.

Hata hivyo usidhani watu wa zamani hawakumjua yule mmoja. Neno ulilolitumia, huntha, ni ushahidi. Limetufikia kutoka Kiarabu, na wanazuoni wa fikihi waliandika juu yake kwa kina ambacho kingemshangaza mwandishi wa kitabu cha mwanao. Waliuliza mkojo unatoka wapi, na kama unatoka kwote, wapi unatangulia. Walisubiri balehe waone kama zitaota ndevu au matiti. Na yule ambaye dalili zote zilishindwa kumpambanua walimpa jina lake, huntha mushkili, kisha wakaketi kumtafutia mahali pake: katika safu za swala asimame nyuma ya wanaume na mbele ya wanawake, katika mirathi, kwa kauli ya baadhi yao, apewe nusu ya fungu la mwanamume na nusu ya fungu la mwanamke. Marabi wa Kiyahudi nao walikuwa na majina mawili tofauti, moja la mwenye dalili za pande zote mbili na moja la ambaye dalili zake zimefunikwa. Mwanasheria wa Kirumi Ulpian, katika karne ya 3, alikata shauri kwa ufupi: ahesabiwe upande uliozidi.

Angalia wote hao walifanana wapi. Hakuna aliyekataa kwamba mtu wa namna hiyo yupo. Walichouliza ni aingie mlango gani, kwa sababu mirathi, ndoa na ushahidi vilikuwa na milango miwili tu. Mwaka 1629 mahakama ya koloni la Virginia, huko Amerika, ilipata mtu aliyejiita Thomas wakati mwingine na Thomasine wakati mwingine, na waliomkagua walishindwa kukubaliana. Mahakama ikaamuru avae nguo za kiume, lakini kichwani aweke kofia ya kike na mbele ajifunge aproni. Nimeisoma kesi hiyo mara nyingi na bado sijui kama ilikuwa adhabu au unyoofu wa watu waliokosa pa kumwandika.

Kwa hiyo ile "mbili" ya kwanza ilikuwa ya daftari za sheria. Biolojia ilipokuja, ilikuta swali limekwisha kuandikwa, na majibu ya kuchagua ni mawili. Kumbuka hilo, kwa sababu kuanzia hapa kila ugunduzi utakaousikia uliulizwa swali lile lile: je, hiki ndicho kinachotenganisha kiume na kike?

Katika anatomia sitakaa sana. Galen, tabibu wa karne ya 2, alifundisha kwamba viungo vya mwanamke ni vile vile vya mwanamume, ila vimegeuzwa ndani. Kwa zaidi ya miaka elfu moja ovari haikuwa hata na jina lake. Iliitwa korodani ya mwanamke. Nicolaus Steno ndiye aliyependekeza mwaka 1667 kwamba iitwe kwa kazi yake ya kubeba mayai, na Regnier de Graaf akaieleza vizuri mwaka 1672. Kuna wanahistoria waliojenga juu ya hayo hoja kubwa kwamba mpaka karne ya 18 Ulaya iliamini mwili ni mmoja wenye daraja mbili, kisha ghafla ikazuka miili miwili. Mimi naona hoja hiyo imetiwa chumvi, na wenzao wameonyesha maandiko ya Kiyunani yaliyomtenga mwanamke kabisa tangu mwanzo. Lakini lililo kweli ni kwamba kadiri mikasi na hadubini zilivyoingia mwilini, tofauti zilitafutwa kwa bidii kuliko mfanano.

Na moja ilipatikana, kubwa, ya kweli. Mwaka 1827 Karl Ernst von Baer aliliona yai la mnyama anyonyeshaye, ndani ya mbwa. Mwaka 1876 Oscar Hertwig, akiangalia mayai ya urchini wa baharini, aliona kiini cha mbegu ya kiume kikiungana na kiini cha yai. Seli mbili: moja kubwa, imebeba akiba ya chakula, imetulia, nyingine ndogo mno, ina mkia, inakimbia. Hakuna ya tatu. Katika wanyama na mimea karibu yote inayozaana kwa seli hizo, ni hizo mbili. Mwaka 1972 Geoff Parker na wenzake wawili walionyesha kwa hesabu kwa nini hali hii hutokea: seli za ukubwa wa kati hupoteza pande zote, hazishindi kwa wingi wala kwa akiba, kwa hiyo kizazi baada ya kizazi hubaki ndogo sana na kubwa sana. Mtu akikuambia kwamba jinsia ni mbili naye anamaanisha hili, amesema kweli, usibishane naye. (Kuvu wengine ambao seli zao hazitofautiani kwa ukubwa wanaweza kuwa na zaidi ya aina 20,000 za kuoana, lakini hao ni ukoo mwingine.)

Shida inaingia kwenye hatua inayofuata, ambayo hupigwa kimya kimya. Kutoka "mbegu za uzazi ni za aina mbili" watu huruka hadi "kwa hiyo kila mwili ni wa aina moja kati ya mbili, juu mpaka chini, ndani mpaka nje". Hilo mbegu hazikulisema. Konokono wengi wa bustani hutengeneza mayai na mbegu za kiume katika mwili mmoja. Yule samaki wa rangi ya machungwa anayekaa katikati ya mashada ya bahari yenye sumu huanza akiwa dume, na jike mkubwa akifa, dume anayemfuata hugeuka jike. Mpapai una miti dume, miti jike, na miti yenye ua lililo na yote mawili. Kila aliyewahi kupanda mbegu za papai akangoja matunda yasiyokuja analijua hilo bila kusoma. Mwaka 1966 Madeleine Charnier, akifanya kazi Dakar, alitoa taarifa kwamba mayai ya mjusi agama hutoa madume au majike kwa kufuata joto yalipowekwa. Mbegu ni mbili kote huko. Mpangilio wa miili ndio tofauti, na mbegu peke yake haikupi mpangilio. Nimekaa kwenye mabishano mengi ambamo mmoja alikuwa anasema mbegu na mwenzake anasema miili, nao wakaachana kila mmoja akimwona mwenziwe mjinga.

Sasa turudi kwa binadamu, kwa sababu mwaka ule ule wa 1876 daktari wa magonjwa Theodor Klebs alitoa kanuni iliyotawala hospitali kwa miongo mingi. Alisema kinachoamua ni tezi ya uzazi. Ukiwa na korodani wewe ni mwanamume, hata kama umeolewa na hakuna jirani aliyewahi kukutilia shaka. Umbo lako lingine linaitwa uhuntha wa uongo. Huntha wa kweli ni yule tu mwenye tishu za ovari na za korodani kwa pamoja. Jiulize daktari wa wakati huo angezionaje tishu hizo. Ilibidi akate kipande akiweke chini ya hadubini, na kwa kawaida hilo lilifanyika mgonjwa akishafariki. Kwa kanuni hiyo huntha wa kweli walio hai wakakaribia sifuri. Watu walikuwepo wale wale, kipimo ndicho kilichobadilika. Nchini Ufaransa mwaka 1860, kabla hata ya Klebs, Herculine Barbin, mwalimu aliyelelewa msichana, aliandikwa upya kisheria kuwa mwanamume baada ya daktari kumpima. Alijiua mwaka 1868, akiwa hajafika miaka 30.

Kisha ikaja ile picha iliyo kwenye kitabu cha mwanao, na hapa naomba nichelewe, kwa sababu ni hadithi ninayoipenda.

Mwaka 1891 Hermann Henking alikuwa akitazama seli za mdudu mmoja mwekundu, akaona kitu kinachoenda kwenye nusu tu ya mbegu za kiume. Hakujua ni nini. Akakiandika X, kama mtu anavyoandika kisichojulikana kwenye hesabu. Hiyo ndiyo X yetu. Haikupewa jina kwa sababu ya umbo lake. Mwaka 1905 Nettie Stevens, mwanamke aliyekuwa mwalimu wa shule na kuanza chuo kikuu akiwa na miaka 35, alichukua mbawakawa wa unga, yule ambaye funza wake hujaa kwenye nafaka iliyosahaulika. Akahesabu. Seli za jike: kromosomu 20 kubwa. Seli za dume: 19 kubwa na moja ndogo, kama kitoto kilichoachwa nyuma, ile iliyokuja kuitwa Y. Akaenda kwenye mbegu za kiume zenyewe: nusu zina 10 kubwa, nusu zina 9 kubwa na ile ndogo. Ikamjia kwamba mbegu yenye ndogo huzaa dume na mbegu yenye kubwa huzaa jike. Edmund Wilson, aliyekuwa akifanya kazi kama hiyo kwa wadudu wengine mwaka huo huo, alifikia karibu pale pale, na mwaka uliofuata akaanza kuziita kromosomu za jinsia.

Ilikuwa saa nzuri sana kwa ugunduzi huo. Kazi ya Mendel juu ya kanuni za kurithi ilikuwa imefufuliwa mwaka 1900, na walimu walihitaji mfano wa kurithi ambao kila mwanafunzi angeushika. Huu ukawa kamili: unagawa nusu kwa nusu, unaeleza kwa nini wavulana na wasichana huzaliwa karibu sawa, na unaingia kwenye jedwali la visanduku vinne. Mimi mwenyewe nimeufundisha mara nyingi nisizoweza kuhesabu, na kila mara darasa hufurahi. Naamini kwa dhati kwamba ubora wa jedwali lile darasani ulichangia imani hii kuliko ushahidi wowote. Linaeleza jinsi kromosomu zinavyogawanywa. Mwanafunzi anaondoka akidhani limemweleza mwili unavyojengwa.

Na jina nalo lilipotosha. Ukishaita kitu kromosomu ya jinsia, mtu atadhani jinsia yote imo humo na kwamba kilichomo humo ni jinsia tu. X ya binadamu ina jeni zipatazo 800 na zaidi, na nyingi hazihusiani na jinsia. Kutofautisha rangi nyekundu na kijani kumo humo, kugandisha damu kumo humo. Huku nyuma jeni kadhaa zinazojenga ovari na korodani ziko kwenye kromosomu nyingine kabisa: SOX9 iko ya 17, WT1 ya 11, FOXL2 ya 3. Na jeni inayoutengenezea mwili kipokezi cha testosteroni, bila hicho homoni ya kiume haisikiki, iko kwenye X. Kila mwanamume ameipata kwa mama yake.

Kwa miaka mingi hata kazi ya Y haikujulikana. Kwa nzi wa matunda, XXY ni jike na mwenye X moja bila Y ni dume. Kinachohesabika ni idadi ya X. Watu wakadhani binadamu ni vivyo hivyo. Idadi sahihi ya kromosomu zetu, 46, ilipatikana mwaka 1956 tu. Ndipo mwaka 1959 Patricia Jacobs na John Strong kule Edinburgh wakakuta mwanamume mwenye XXY, na mwaka huo huo timu ya Charles Ford ikakuta msichana mwenye X moja pekee. Kinyume kabisa cha nzi. Basi Y ndiyo mwamuzi, wakasema. Lakini mwaka 1964 Albert de la Chapelle akaeleza mwanamume mwenye XX. Mwamuzi hakuwepo na hukumu imetolewa. Ilichukua hadi 1990, London, kumpata mwamuzi mdogo ndani ya mwamuzi mkubwa: kipande kimoja cha Y kinachoitwa SRY. Mara nyingi kwa wanaume wa XX kipande hicho kimehamia kwenye X wakati mbegu za baba zinatengenezwa. Mwaka 1991 wakamwekea jeni hiyo panya wa XX, akakua dume, na korodani zake, ingawa hakuweza kuzalisha.

Hapa ndipo pa kumwonyesha mwanao kitu badala ya kumwambia. Mchoree kiinitete cha wiki sita. Hakijafika sentimita moja na nusu. Ndani yake kuna vivimbe viwili vidogo ambavyo bado vinaweza kuwa ovari au korodani. Kando yake kuna mirija jozi mbili zilizolala pamoja, moja ya njia ya kiume na moja ya njia ya kike. Kila mmoja wetu aliwahi kuwa na zote. Nje kuna kinundu kimoja, na kingekuwa chako au cha mumeo usingekitofautisha. Kisha, karibu na wiki ya saba, kama SRY ipo na inafanya kazi, inawaka kwa muda mfupi, inaiamsha SOX9, na vivimbe vinaanza kuwa korodani. Korodani zinatoa amri mbili. Ya kwanza inanyausha mirija ya njia ya kike. Ya pili, testosteroni, inaikoa ile ya kiume, ambayo bila hivyo ingenyauka. Alfred Jost alilionyesha hili Paris katika miaka ya 1940 kwa vijusi vya sungura: alipoviondolea korodani mapema, vyote vilikua na mirija ya kike. Na kwa kile kinundu cha nje kuna hatua ya ziada: testosteroni lazima igeuzwe na kimeng'enya iwe kali zaidi, ndipo kinundu kirefuke kiwe uume. Kisipopata amri hiyo huwa kinembe.

Tulizoea kufundisha kwamba kike hujitokea tu pale kiume kinaposhindikana, kama shamba lisilolimwa. Si kweli. Ovari ina jeni zake zinazoijenga, na kuna zinazoilinda maisha yote. Mwaka 2009 watafiti waliizima FOXL2 kwa panya majike waliokwisha kukua, na seli za ovari zikaanza kujigeuza zifanane na za korodani. Matiti ya wanaume, ambayo watu huuliza kwa mzaha yana kazi gani, chanzo chake ni kile kile: mstari wake huanza kuchorwa kabla SRY haijawaka.

Hesabu basi vituo vya safari hiyo: kromosomu, jeni, tezi, mirija, homoni, vipokezi, maungo ya nje, halafu balehe. Kwa watu wengi mno vituo vyote huelekea upande mmoja, na ndiyo maana mkunga anapatia. Lakini kila kituo kina jeni zake, na jeni yoyote inaweza kuwa na hitilafu. Msichana wa XY ambaye vipokezi vyake havisikii testosteroni kabisa huzaliwa, hukua na kuota matiti kama wasichana wengine. Hujulikana pale hedhi isipokuja. Katika kijiji cha Salinas, Jamhuri ya Dominika, Julianne Imperato-McGinley na wenzake walieleza mwaka 1974 familia ambazo watoto wa XY walikosa kile kimeng'enya nilichokitaja. Walizaliwa wakionekana wasichana, na balehe ilipofika, testosteroni ya kawaida ikatosha kuwarefushia uume na kuwatoa sauti nzito. Kijiji kilikuwa na jina la watoto hao zamani, kabla daktari yeyote hajafika.

Mpaka hapa unaweza kuuliza: kama mambo haya yalianza kujulikana tangu 1959, kwa nini imani haikulegea? Kwa maoni yangu jibu liko hospitalini. Katika miaka ya 1950, kule Johns Hopkins, Baltimore, mwanasaikolojia John Money na wenzake walieneza utaratibu wa kuamua mapema jinsia ya mtoto wa namna hiyo, kumfanyia upasuaji ili maungo yafanane na uamuzi, na kumlea bila kusitasita. Kwa vitendo mara nyingi mtoto mwenyewe hakuambiwa. Ulienea duniani. Matokeo yake yawe mema au mabaya kwa mtoto mmoja mmoja (na wengi waliofanyiwa wamesimulia maumivu, makovu na ganzi), kwa jamii yalikuwa na tokeo moja la hakika: yule mmoja katika 5,000 akatoweka machoni. Watu waliozaliwa baada ya hapo walikuwa na ushahidi mdogo wa macho kuliko babu zao waliosoma mirathi ya huntha. Tarehe 26 Oktoba 1996 watu wachache walisimama nje ya mkutano wa madaktari wa watoto mjini Boston wakipinga upasuaji huo, na tangu hapo mambo yamekuwa yakibadilika polepole. Malta iliupiga marufuku kwa sheria mwaka 2015 pale ambapo mtoto hawezi kuridhia na hakuna haja ya kiafya.

Michezo ndiyo iliyoonyesha hadharani kwamba kipimo kimoja hakitoshi. Mwaka 1968 Kamati ya Olimpiki ilianza kuwapima wanariadha wanawake kwa kukwangua seli za shavuni na kutafuta doa linaloonekana pale penye X mbili. Doa hilo linahesabu X, halijui zaidi. Mwaka 1985 mkimbiaji wa viunzi wa Hispania, María José Martínez-Patiño, alifika Kobe akiwa amesahau nyumbani cheti cha kipimo cha zamani. Akapimwa tena, doa halikuonekana. Alikuwa XY, na mwili wake hausikii testosteroni, yaani ile faida waliyoogopa anaibeba ndiyo ambayo mwili wake hauwezi kuitumia. Alipoteza rekodi zake na ufadhili wake. Alirudishiwa haki ya kushindana mwaka 1988. Upimaji wa wanawake wote kwenye Olimpiki uliachwa mwaka 1999. Mwaka 2025 shirikisho la riadha la dunia limeanza kutumia kipimo cha SRY, na mwanasayansi mmoja wa waliohusika kuigundua jeni hiyo, Andrew Sinclair, amepinga kitumike hivyo.

Utakutana pia na ugomvi wa takwimu. Mwaka 2000 timu moja ya Marekani ilikadiria asilimia 1.7 ya watu wana tofauti fulani ya maumbile ya jinsia. Mwaka 2002 daktari Leonard Sax akajibu kwamba ni asilimia 0.018. Wanatofautiana karibu mara 100. Sehemu kubwa ya pengo ni nani ahesabiwe. Wa kwanza waliingiza watu wenye hitilafu ndogo ya tezi za adrenali (zilizo juu ya figo) inayojitokeza ukubwani, na wanaume wa XXY, Sax aliwatoa. Mimi hapa namwelewa Sax kuliko anavyoeleweka kwa kawaida: mwanamume wa XXY, na wapo kama mmoja katika kila wanaume 600 hivi, mara nyingi ni mwanamume asiye na shaka, na wengi hawajui mpaka watafute mtoto. Kumwita jinsia ya tatu ni kumvika kofia na aproni ya Virginia. Lakini kumtoa kwenye hesabu hakuifanyi ile sentensi ya kitabuni iwe sahihi, kwa sababu sentensi ilisema XY.

Sasa mtihani. Aandike XX na XY, apate alama zake; mtihani unauliza kinachotokea kwa kawaida, na hicho ndicho. Akiulizwa kinachoamua korodani zijengwe, aandike SRY. Lile swali la huntha mjibu kwa mchoro wa wiki sita, kituo kwa kituo, na umwache mwenyewe aonyeshe kwa kidole wapi njia inaweza kupinda. Na kama kitabu ni chake, si cha shule, achukue penseli aandike pembeni ya ile Y: "SRY, 1990. Wakati mwingine huhama."